Darubini Iliyopimwa Asubuhi

Nakumbuka siku moja Mzee Arap Sigei alimlenga nyati dume aliyesimama wazi katikati ya chai, akavuta pumzi, kidole kikiwa tayari kwenye kifyatulio, kisha akaishusha bunduki bila kupiga. Nyati alitutazama kidogo, akageuka, akateremka kuelekea mtoni bila haraka, kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Kabla jioni haijaingia alikuwa amemvunja nyonga mwanamume aliyekuwa akikata majani ya nepia ya kulishia ng'ombe ng'ambo ya mto.

Kwa muda mrefu watu walimwita Arap Sigei mwoga. Mimi nilikuwa ubavuni pake siku ile, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na ninajua hakuogopa. Juu ya bunduki yake palikuwa na darubini kuukuu ya bei rahisi. Habari ya darubini ile ndiyo ninayotaka kukueleza, mwanangu, kwa sababu umeniletea nyingine ya aina hiyohiyo.

Umekuja leo Jumapili baada ya kanisa, umeifunga ndani ya sweta, na bunduki yenyewe ukaiacha ghalani kama sheria inavyotaka. Hapo umefanya vizuri. Umesema kikosi chenu cha kulinda ukingo wa msitu kimepewa bunduki zilizokwisha kutumika, na hii ilikuwa juu ya mojawapo. Mkubwa wako amekuachia uamue kama ifungwe tena au itupwe. Ukasimama hapo uani, ukaielekeza kwenye kilima cha ng'ambo, ukaniambia, "Mzee, si uone mwenyewe! Iko safi kabisa. Naona mpaka kengele kwa shingo ya ng'ombe."

Nikakuuliza ni saa ngapi. Najua ulidhani nataka uende ili nikapumzike. La, mwanangu. Keti. Chai hii bado ina moto.

Enzi hizo nilikuwa kijana mwenye shingo ngumu. Baba yangu alikuwa ametoka kandokando ya ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, nami nilizaliwa kambini, nikakua nikinuka majani yaliyokaushwa. Mashine za kuchuna chai zilikuwa hazijafika. Wachunaji waliingia shambani na makapu mgongoni na aproni za plastiki kiunoni, na juu ya sehemu ya mwisho ya shamba letu palikuwa na msitu. Nyati walitoka humo. Nguruwe mwitu pia, lakini nguruwe hula mahindi tu na kukimbia, nyati hubaki.

Kampuni ilikuwa na bunduki moja yenye kibali, na jina lililokuwa kwenye kibali hicho ni la Arap Sigei. Mimi niliajiriwa kutembea naye. Nilibeba maji, panga na koti la mvua, nilipuliza filimbi, na nilikuwa mtu wa kutaniwa. "Wewe mtu wa samaki," angeniambia, "ukimwona nyati usimtupie ndoano." Nami ningemjibu kwamba huko kwetu ziwani tuna kiboko, na kiboko hamwogopi mnywa maziwa kama yeye. Angecheka hadi asimame ashike mti.

Alikuwa ametumikia idara ya wanyama kwa miaka mingi kabla ya kuja shambani, na alizijua bunduki kama mama anavyowajua watoto wake kwa kikohozi. Ila kuna jambo nililoliona pole pole, kwa maana mimi tangu utotoni ni mtu wa kuangalia. Kanisani alianza kukishika kitabu cha nyimbo mbali na uso, mkono umenyooka, kama mtu anayekiogopa. Mkanda wake ulipofumuka aliniletea sindano na uzi, akasema vidole vyake vina baridi. Mbali aliona kama mwewe. Angekuonyesha paa kwenye mteremko ambao wewe unaona nyasi tu. Ni karibu ndiko kulikokuwa kunamponyoka.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu wa bunduki. Ukilenga kwa vile vilengeo vya chuma vya kawaida, lazima ukione kilengeo kilicho karibu na jicho, ukione na kile cha kwenye ncha ya mtutu, halafu umwone na mnyama. Arap Sigei alimwona mnyama. Vile vyuma viwili vilikuwa vimegeuka moshi. Hakumwambia mtu. Bunduki ndiyo iliyokuwa kazi yake, heshima yake, na nyumba aliyopewa kambini. Ikichukuliwa, vyote vinaondoka pamoja.

Ndipo meneja mmoja akahamishwa. Wakati ule meneja akihama, vitu vyake vilitandazwa kwenye nyasi mbele ya nyumba, na wafanyakazi wakaja kununua: masufuria, mapazia, viti vya rangi iliyochujuka. Kati ya taa ya mezani na pasi ya umeme nikaiona darubini ya bunduki, nyeusi, imekwaruzwa mwilini, na vyuma vyake vya kushikilia vikiwa bado vimeifunga. Bei yake ilikuwa ya kuchekesha. Nikaichukua, nikaipeleka baraza ya kiwanda, nikatazama. Mwanangu, nilisoma maandishi kwenye gunia lililokuwa juu ya lori barabarani! Niliona jirani wa ng'ambo akijikuna sikio. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwangu mimi kile kilikuwa kipya.

Nikamkimbilia Arap Sigei. Aliipokea, akaigeuza, akaipima uzito mkononi.

"Umeitazama saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi, mzee. Asubuhi."

"Na hapa kwetu mvua hunyesha saa ngapi?"

"Mchana."

"Na nyati hutoka saa ngapi?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: hutoka mvua ikikatika. Akatikisa kichwa akitabasamu. Nilidhani ataniambia niirudishe. Badala yake akaiweka jichoni, akatazama msitu kwa muda mrefu sana. Alipoishusha, uso wake ulikuwa umebadilika. Leo nimezeeka, macho yangu nayo yamechakaa, na naelewa alichokiona: katika darubini hakuna chuma cha karibu wala cha mbali. Kuna msalaba mmoja mweusi na mnyama, vyote viko mahali pamoja, vyote vinaonekana. Ilikuwa kama kurudishiwa ujana.

"Si mbaya," alisema. Basi.

Akaifunga kwenye bunduki siku hiyohiyo. Meneja mpya alikubali kwa sababu haikumgharimu kitu. Tukaenda kwenye machimbo ya mawe, tukaweka ubao, Arap Sigei akapiga, akarekebisha kwa bisibisi, akapiga tena, na risasi zikakaa karibu karibu kama vifaranga. Jua lilikuwa linawaka. Nikapiga makofi.

Siku ile ya nyati, mvua ya mawe ilikuwa imetupiga tangu saa sita. Ilipokatika, nyapara akawarudisha wachunaji kazini, kwa sababu majani hayangoji. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa barafu, na baridi ilipenya mpaka kwenye meno. Nyati alikuwa ametajwa tangu siku mbili kabla. Mguu wake mmoja ulikuwa na waya wa mtego, na mnyama mwenye maumivu hatishwi kwa debe wala filimbi. Idara ilikuwa imekwisha kutoa ruhusa apigwe.

Alitoka kwenye kona ya msitu, akaingia chai kama mwenye shamba. Nikapuliza filimbi. Wachunaji wakakimbilia barabarani, makapu yakiruka, lakini si wote walifika. Wengine walianguka, wengine wakajilaza kati ya safu za chai, na mtu aliyelala kati ya chai iliyoshiba humwoni hata ukiwa karibu naye. Hilo kila mtu wa huku analijua.

Arap Sigei akapiga goti, akalenga. Nilimwona nyati vizuri, bega lote liko wazi. Nikangoja mlio. Hakuna. Akaondoa jicho, akapangusa kioo kwa kona ya shati, akalenga tena. Akapangusa upande wa pili.

"Piga, mzee," nikanong'ona. Kisha nikapaza sauti, "Piga! Si umpige!"

Akaishusha bunduki. Alikuwa mtulivu kabisa. Nikainama, nikachungulia mwenyewe, na sikuona nyati wala chai. Niliona weupe, na ndani ya weupe kivuli fulani kisicho na miguu wala kichwa. Ukungu ulikuwa ndani ya darubini, katikati ya vioo, pale ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Na vile vyuma vya kushikilia, vilivyokuwa vya bei rahisi kama darubini yenyewe, vilikaa chini mno vikavifunika vilengeo vya kawaida. Kuifungua kulihitaji bisibisi, na bisibisi ilikuwa kambini.

Yaliyofuata nimekwisha kukuambia. Mtu aliyeumizwa ng'ambo aliitwa Joel, mkulima mdogo mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Alipona, lakini hakubeba tena mkebe wa maziwa, na mpaka leo anatembea kwa kuuburuta mguu. Nyati mwenyewe alipigwa na watu wa idara siku ya pili yake.

Kwenye banda la kupimia majani watu hawakuwa na huruma. "Arap Sigei," mmoja aliita, "hiyo bunduki yako inakula nini? Mbona haitapiki?" Mwingine akasema wampe filimbi mzee, bunduki apewe mtu wa samaki. Wakacheka. Nilitaka kuwaeleza habari ya ukungu, lakini Arap Sigei alinikataza kwa jicho.

Mama Akoth peke yake hakucheka. Alikuwa mchunaji wa miaka mingi, jirani yetu kambini, mwenye ulimi mkali kuliko wote, na mchana ule kamba ya aproni yake ilinasa kwenye chai akashindwa kukimbia, akajilaza. Nyati alipoondoka alitokea barabarani ametapakaa matope, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameenda na kapu langu?" Sasa akawaambia wale waliokuwa wanacheka, "Nyinyi mlikuwa barabarani. Mimi nilikuwa chini. Nilisikia yule mnyama akipumua. Mzee angepiga ovyo, mngejuaje risasi ingelala wapi? Msinichekeshe na mimi."

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Arap Sigei. Mkewe alinimiminia mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, tukakaa. Nikamwambia mzee kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyeileta darubini na kuisifu. Akaniacha nimalize. Kisha akanirudi, na maneno yake sijayasahau.

"Unaniibia, kijana," alisema. "Hilo kosa ni langu na wewe unataka kulibeba uonekane mkubwa. Wewe ulisema ni nzuri kwa sababu hujui. Mimi najua namna ya kuipima. Nilikuwa na beseni, nilikuwa na maji, nilikuwa na usiku mzima wa baridi. Sikuipima. Unajua kwa nini?"

"Hapana, mzee."

"Niliogopa itashindwa. Nilikuwa naihitaji sana."

Akakielekezea kidole kibuyu kilichokuwa mbele yetu. "Huyu mama hapa, akipata kibuyu, hata kiwe kizuri namna gani, hamwekei mgeni maziwa humo siku ya kwanza. Anaweka ya kwetu. Kikivuja, kimevuja kwetu. Kikiharibu maziwa, tumekunywa sisi. Mimi nilichukua kibuyu nisichokijua nikamwendea nacho mgeni, na mgeni mwenyewe ana pembe."

Mkewe akacheka, naye akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Na kitu kingine. Ulinipigia kelele nipige. Wewe ulikuwa unaona, ni kweli. Lakini bunduki haikuwa kwa macho yako. Macho hayaazimwi, Owino. Mtu akikwambia piga na wewe huoni, huyo anakupa ujasiri wake na kukuachia maiti uibebe wewe."

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa meneja, akaweka bunduki mezani, akasema macho yake ya karibu yamekwisha. Hakuna aliyemlazimisha. Wakampa kazi ya lango, nyumba wakamwachia. Mwanangu, kuna methali isemayo heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nilikuwa nimeisikia tangu shuleni. Siku hiyo ndiyo niliyoiona ikitembea kwa miguu.

Kabla ya kuikabidhi bunduki aliniita tuipime ile darubini, sasa ikiwa haina faida tena kwake. Nitakuonyesha alivyofanya, nawe uifanyie hii yako.

Aliichungulia kwanza kwa kinyume, kupitia kioo kikubwa, kurunzi ikiwa upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Imeanza kula kioo na haitaacha. Akaitikisa kando ya sikio: kitu kikigonga ndani, weka chini. Akaiacha nje usiku kucha, alfajiri akaiingiza jikoni kwenye moto. Ukungu wa juu ya kioo utaufuta kwa kitambaa, haudhuru. Ule usiofutika ndio uliotuaibisha sisi. Kisha akaizamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, si ya moto, maana ya moto yataiharibu hata iliyo nzima, tukatazama. Vipovu vidogo vikatoka kwenye kifundo cha pembeni cha kurekebishia shabaha, kimoja kimoja, kama samaki anayepumua. "Basi," akasema. "Hapo ndipo hewa ya mvua ilipokuwa ikiingilia."

Ile yetu ilifeli hapo. Yako ikifaulu, bado. Ilaze juu ya magunia ya udongo, isitikisike, utazame alama ya mbali huku ukisogeza kichwa kidogo; msalaba ukitembea sana juu ya alama, hiyo itakudanganya kila ukikaa vibaya. Zungusha vifundo: panda, nenda kulia, shuka, rudi kushoto kwa kiasi kilekile, na msalaba lazima urudi ulikotoka. Ukishaifunga, mpiga shabaha wenu aijaribu mahali pa halali, asubuhi na tena mvua ikikatika. Na uviangalie vyuma vinavyoishikilia kwa makini kuliko darubini yenyewe. Je, vikifungwa, kilengeo cha kawaida bado kinaonekana? Je, inatoka haraka? Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na nyumba hii ina mlango mmoja tu wa kutokea, kile kilengeo cha kawaida.

Usiidharau kwa sababu ni kuukuu. Nimeziona za zamani, za bei ya chini, zilizokwaruzwa kama sufuria ya shule, zikashika shabaha mwaka baada ya mwaka, na nimeziona mpya zinazong'aa zikilewa kwa risasi chache. Uzee si ugonjwa. Kama ungekuwa ugonjwa, mimi nisingekuwa hapa nakupigia makelele. Ila ikishindwa, usiiweke kabatini eti akiba. Kitu kibovu kikiwekwa akiba, siku ya dharura ndicho kitakachoshikwa. Mrudishie mkubwa wako, umwambie kwa mdomo wako kwamba haifai, naye ajue pa kuipeleka.

Hayo ni ya darubini. Langu kubwa ni hili: ukiona unakitaka kitu mpaka huna hamu ya kukipima, hapo ndipo ukipime mara mbili. Iwe darubini, iwe mchumba, iwe rafiki anayekusifu. Kipime saa yake mbaya, maana saa nzuri kila kitu ni kizuri. Na siku utakayojikuta mbele ya watu, kitu kiko mkononi, wote wanakuambia piga nawe huoni, kishushe. Watakucheka. Waache wacheke.

Mungu akulinde kule ukingoni, mwanangu. Akupe macho ya mbali na ya karibu, na yakianza kupungua akupe moyo wa kusema. Urudi nyumbani jioni na wale uliotoka nao asubuhi, wote, miguu yao yote.

Lakini sitakudanganya kwamba kisa hiki kilimalizika sawasawa. Nimewahi kwenda na Mama Akoth hadi kwenye shamba lile anionyeshe alipolala. Mara ya kwanza alinionyesha safu iliyokuwa nyuma kabisa ya nyati, kwenye njia ya risasi. Miaka baadaye alinionyesha nyingine, mbali, upande wa barabara. Akasema uso wake ulikuwa ndani ya matope na chai zote zinafanana. Joel naye tukikutana soko la Sotik hunisalimia vizuri, hunishika mkono, kisha huniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, "Owino, yule mama alikuwa safu gani?" Mimi humtajia zote mbili, ile ambayo risasi ingempata mama na ile ambayo isingempata.